Neno "dope" na kibarua cha mfasiri

Kazi yangu hapa Tanga ni kuandika zile tafsiri zinazopita chini ya filamu na tamthilia za Kiingereza. Nikiulizwa neno gani hunitoa jasho kuliko urefu wake, nalitaja papo hapo: dope. Herufi nne tu, hutamkwa "doupu". Mhusika mmoja akilisema mara tatu ndani ya dakika kumi, yawezekana kasifu wimbo, kamtukana rafiki yake na kaulizia habari za mtu. Mimi nina mistari miwili, kila mmoja herufi 42 hivi, na mtazamaji hasubiri ufafanuzi.

Lilikotoka ni jikoni. Waholanzi wana neno doop, mchuzi mzito wa kuchovyea. New York ilikuwa mikononi mwao kabla Waingereza hawajaichukua mwaka 1664, na maneno yao kadhaa yakabaki vinywani mwa watu. Wamarekani wa karne ya 19 wakawa wanaita dope karibu kila kitu cha majimaji mazito, iwe mchuzi au grisi. Hata ile dawa iliyopakwa kukaza vitambaa vya mabawa ya ndege za kale iliitwa hivyo. Miaka ya 1880 ikawa zamu ya kasumba iliyopikwa tayari kuvutwa, nyeusi na nzito kama asali, na tangu hapo neno likaharibika tabia. (Kasumba yenyewe haikusalimika kwetu. Vijana wengi wanaijua ile ya kikoloni tu, ya kichwani. Ukiwaambia kuna ya kuvuta wanakukodolea macho.)

Kijiweni Ngamiani, kwenye kahawa, mzee mmoja alinikomalia kwamba dope ni tope letu lililopanda jahazi. Mzito ni mzito, akasema. Hoja tamu, ila tope ni la Kibantu na doop ni la Kiholanzi. Wamefanana sura tu, undugu hawana.

Kutoka kwenye kasumba neno likaingia kwenye mbio za farasi. Farasi walikuwa wakilishwa dawa, wengine wakimbie, wengine wazubae, na mcheza kamari aliyejua nani kapewa nini alikuwa na siri yenye thamani. Siri hiyo nayo ikaitwa dope. Ndiyo maana mpelelezi wa filamu husema "give me the dope on him" wala haombi dawa yoyote. Hapa Kiswahili cha mtaani kinanibeba: nipe ubuyu wake. Angalia mambo haya: Mholanzi kaanza na mchuzi kafika kwenye habari za ndani, sisi tumeanza na ubuyu wa kumung'unya tumefika kwenye umbea. Lakini mpelelezi wa makamo mwenye koti refu hamwagi ubuyu. Huyo namwandikia "nipe habari zake za ndani". Ubuyu namwachia shoga yake anayesuka nywele.

Michezoni maana ni moja na haisumbui, isipokuwa kwa urefu. Ben Johnson alipovuliwa dhahabu ya mita 100 pale Seoul mwaka 1988, kosa lake kwa Kiswahili cha watangazaji ni kutumia dawa za kusisimua misuli. Maneno hayo yanakula mstari mzima. Mimi huandika "katumia dawa", picha inamalizia. Fundi wa sola naye analo lake: silikoni hutiwa fosforasi au boroni kidogo sana ili umeme upite anavyotaka, na kitendo hicho kwa Kiingereza ni doping. Hakuna aliyelewa hapo.

Tusi ndilo jepesi kuliko yote. "You dope!" ni bwege, zuzu au zoba, kutegemea nani anamwambia nani. Mama kwa mwanawe: "Mjinga we!" Inatosha.

Sifa ndiyo yenye utamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijana wa hip hop Marekani walianza kuita dope kitu kizuri mno. Wazee wao waliona wazimu, kusifia kwa jina la sumu. Lakini sisi tuna balaa, noma, hatari, na kali inayokaa kwenye sumu, kisu, jua na wimbo bila kubadilisha nguo. "Dada yule hatari" wala hakuna anayekimbia. Kwa hiyo wimbo uliosifiwa kuwa dope mimi nauita ngoma kali, na sijuti.

Balaa lenyewe ni pale msanii anapotaka maana mbili kwa pigo moja: anauza dope, yaani unga, na papo hapo mashairi yake ni dope. Kali hailipi hapo. Nilichokuja kukipenda ni mzigo. Muuza unga ana mzigo, msanii naye akitoa kazi mpya ameshusha mzigo, na katika mji wa bandari neno hilo halihitaji kuelezwa. "Mzigo wangu hauchakachuliwi" inawabeba wote wawili na inaenea kwenye mstari.

Kuna tangazo la zamani la Marekani la kupiga vita dawa za kulevya lililouliza kwa nini zinaitwa dope, likicheza na dawa na ujinga pamoja. Ukifuata neno kwa neno, mchezo unakufa. Ningeandika: "Unga ndio unaokusaga." Ujinga umepotea, nakubali, lakini msomaji anashtuka palepale alipotakiwa kushtuka.

Siku hizi wateja wengine wananiambia liache dope lilivyo, vijana wanalijua. Kwenye vipindi vya muziki naliacha. Tamthilia ya saa mbili usiku, inayotazamwa na bibi na wajukuu sebule moja, hapana. Bibi atasoma "do-pe", atauliza ni nini, na mjukuu atakapomaliza kumweleza mistari mitatu itakuwa imeshapita.