Vyuma Vilivyochomoza Juu ya Slabu Si Kibali

Hapa Mombasa, pita Majengo, Kisauni hadi Mikindani uangalie juu ya nyumba: vyuma vimesimama kama miiba, vingine vina miaka mingi vikinyeshewa na kupigwa na upepo wa chumvi. Mwenye nyumba akiulizwa kibali cha ghorofa huvionyesha kwa kidole. Msingi ulikuwa wa ghorofa, vyuma viliachwa makusudi, plani ilipita zamani, kwa hiyo "naongeza tu". Hili neno "naongeza tu" limetuchosha masikio.

Plani yenye muhuri inafunika kilichochorwa ndani yake, basi. Kama ilionyesha nyumba ya chini, ghorofa haimo, hata msingi uwe mnene kama ukuta wa Ngome ya Yesu. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 haiangalii mjengo mpya peke yake. Kubadilisha matumizi ya jengo au kulisongamanisha zaidi, kama kwa kuongeza ghorofa, nako kunahitaji idhini ya kaunti. Ukianza bila idhini, faini inafika shilingi 500,000, au kifungo cha hadi miezi 2, au vyote viwili. Gharama ya kubomoa ni hesabu nyingine.

Sasa hivyo vyuma. Chuma cha milimita 16 kinahitaji kupishana na mwenzake kwa takriban mara 40 hadi 50 ya unene wake, yaani milimita 640 hadi 800. Vingi vilivyoachwa havifiki nusu ya hapo. Kutu nayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo kichwa cha nguzo hupasuka kutoka ndani na chumvi ikapata njia ya kuteremka. Kukwangua kwa brashi na kupaka rangi nyekundu ni kuficha ugonjwa.

Uzito je? Slabu ya milimita 150 ina takriban kilo 375 kwa kila mita mraba. Sakafu ya mita mraba 100 ni tani 37 na zaidi kabla hujaweka ukuta, tailizi wala tangi la maji. Mzigo huo wote unashukia nguzo na misingi ambayo pengine hakuna aliye hai anayejua iliwekwa vyuma vingapi.

Kwa hiyo anza chini. Mhandisi wa majengo mwenye leseni ya mwaka huu achimbe kando ya nguzo mbili au tatu apime upana na kina cha msingi, akague vyuma vilivyomo, atoe vipande vya zege vikapimwe maabara. Ripoti yake ikikubali, ndipo michoro ichorwe: ya msanifu na ya mhandisi, kila mmoja asaini yake. Peleka kaunti pamoja na hati ya ardhi na uthibitisho kuwa hudaiwi kodi za ardhi. Baada ya hapo NEMA, mamlaka ya mazingira, kisha usajili wa mradi NCA, mamlaka ya ujenzi. Changamwe na Port Reitz, karibu na uwanja wa ndege, kuna pia idhini ya urefu kutoka mamlaka ya usafiri wa anga. Usisahau shimo la choo: wapangaji wakiongezeka maradufu, nalo lilichimbwa kwa familia moja, litafurika.

Halafu kuna visingizio vya wenye nyumba. "Siku 60 zimepita bila jibu, basi nimekubaliwa." Kifungu hicho cha sheria ya 2019 kipo kweli. Lakini kinahusu idhini ya kaunti tu, hakimfungi NEMA wala NCA, na bila ushahidi wa maandishi wa siku uliyowasilisha maombi kamili utabishana na hewa.

"Nalipa kodi ya kiwanja kila mwezi, nyumba ni yangu." Nyumba ni yako, ardhi si yako. Kwenye nyumba bila ardhi, idhini ya mwenye hati iwe ya maandishi na itaje idadi ya ghorofa. "Endelea" ya mkusanya kodi si idhini.

Mji wa Kale, hata mlango wa kuchonga au baraza ya juu huigusi kabla ya kupita ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho. Nukta.

"Fundi wangu ana kadi ya NCA." Kadi ya fundi stadi si leseni ya mkandarasi. Mkandarasi wa majengo wa daraja la 8 mwisho wake ni mradi wa shilingi milioni 10. Na aliyesajiliwa kwa barabara hakusajiliwa kwa nyumba.

"Tumeelewana, mkataba wa nini?" Makubaliano ya mdomo yana nguvu kisheria, ila ujumbe wa M-Pesa unaonyesha pesa zimetoka, hauonyeshi zilikuwa za kazi gani. Andika: michoro, BQ (orodha ya vifaa na kazi na bei zake), tarehe, na malipo kwa kazi iliyopimwa. Asilimia 50 mbele hapana, hata fundi awe binamu yako. Zuia asilimia 10 ya kila malipo. Nusu ya zuio itoke kazi ikikamilika, nusu baada ya miezi 6 ya kurekebisha kasoro. Majibu ya vipimo vya nguvu ya zege, siku 7 na 28 baada ya kumwagwa, yawe sharti la kulipia slabu.

Na ukiajiri leba mwenyewe "kuokoa pesa", mwajiri ni wewe. Sheria ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007 inakutaka uwe na bima kabla ya mtu kupanda jukwaa.