Je, wajua kwa nini mgongo hulia "ko!" ukinyooshwa, na kama mlio huo unamponya mchezaji?

Nenda kiwanja chochote cha ndondo, soka la mtaani, hapa Mwanza, iwe Igoma, Mabatini au Buhongwa, dakika chache kabla ya mechi. Hukosi kuona wachezaji wawili wamepeana migongo na kufungana mikono kwenye viwiko, kisha mmoja anainama na kumbeba mwenzake mgongoni. Mgongo wa aliyebebwa unalia ko-ko-ko. Akishushwa anatikisa mabega, anaruka mara mbili, anasema sasa yuko fiti. Muulize kilichotokea, atakwambia pingili zilikuwa zimekaa vibaya na sasa zimerudi mahali pake.

Hakuna pingili iliyohama, wala iliyorudi. Mlio ule unatoka kwenye maji.

Viungo vingi vya mwili, pamoja na vile vidogo vinavyounganisha pingili za mgongo kwa nyuma, vimezungushiwa mfuko mdogo wenye ute mzito unaolainisha mifupa isisagane. Ndani ya ute huo kuna gesi iliyoyeyuka. Kiungo kikivutwa ghafla nafasi ndani ya mfuko inaongezeka, shinikizo linashuka, na gesi inajitokeza kuwa povu, kama soda inavyotoa mapovu ukifungua kizibo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Canada, walivuta vidole ndani ya mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili, na kuona uwazi ukijitokeza kati ya mifupa kufumba na kufumbua. Mwaka 2018 wengine wakapiga hesabu na kusema sauti inatokea pale povu hilo linaponywea kidogo. Ubishi huo wa povu kuzaliwa au kunywea bado upo, lakini pande zote mbili zinazungumzia povu, si mfupa. Ndiyo maana ukishaalisha kidole hakikubali kulia tena mpaka zipite kama dakika 20, gesi iyeyuke upya kwenye ute.

Basi mbona mchezaji anajisikia mwepesi? Kwa sababu wepesi ule ni wa kweli, ila chanzo chake ni mishipa ya fahamu. Mfuko wa kiungo na misuli midogo inayoshikilia pingili imejaa vihisio. Vikivutwa kwa kasi vinapeleka taarifa nyingi kwa mpigo kwenye uti wa mgongo, taarifa za maumivu zinafifia kwa muda, na msuli uliokuwa umejikaza kulinda sehemu inayouma unalegea. Hapo unageuka kulia na kushoto bila shida. Hali hiyo hudumu dakika kadhaa, pengine saa, kisha mwili unarudi ulikokuwa. Mwaka 1998 watafiti wa Sweden walipima kwa eksirei maalumu kiungo kinachounganisha nyonga na mgongo kwa chini, kabla ya kunyooshwa na baada. Waliotibiwa walionekana kupata nafuu, na mfupa ulikuwa palepale.

Nimeanza na mlio kwa sababu tiba nzima imejengwa jirani yake. Inaitwa kairopraktiki, tiba ya kunyoosha viungo kwa mikono, hasa vya mgongo. Aliyeianzisha ni Daniel David Palmer, mzaliwa wa Canada aliyekuwa akiishi mji wa Davenport, jimbo la Iowa, Marekani. Mwaka 1895 alimbonyeza mgongo msafisha jengo mmoja, Harvey Lillard, aliyekuwa hasikii vizuri, akatangaza kwamba amemrudishia usikivu. Kutoka hapo akafundisha kuwa karibu magonjwa yote hutokana na pingili zinazobana mishipa ya fahamu. Fundisho hilo halina mguu wa kusimamia: mshipa wa usikivu uko kichwani na haupiti mgongoni kamwe.

Lakini fani yenyewe haikubaki alipoiacha mwanzilishi. Wengi wanaoifanya leo wameweka kando madai ya kutibu kila kitu na kujikita kwenye mgongo, shingo na viungo. Timu ya Marekani ilikwenda na mtaalamu wake wa kairopraktiki kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya 1980 huko Lake Placid, na London mwaka 2012 wataalamu wa fani hii walikuwemo kwenye kliniki ya wanamichezo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2005 unataka mafunzo ya kutwa yasiyopungua miaka minne, yenye saa 4,200, na kati ya hizo 1,000 ziwe za kutibu wagonjwa chini ya usimamizi. Barani Afrika, vyuo vikuu vya Durban na Johannesburg, Afrika Kusini, vinafundisha fani hii. Nazitaja saa hizo kwa makusudi. Mtu anayekushika shingo awe amejifunza kujua shingo ipi haishikwi.

Kwa mchezaji, inasaidia nini hasa? Tafiti za maumivu ya mgongo wa chini, ambayo kila mpiga kasia wa mashindano ya mitumbwi ziwani anayajua, zinaonyesha kwamba kunyooshwa kunapunguza maumivu kwa kiasi, karibu sawa na mazoezi tiba. Si muujiza, wala si kazi bure. Ukipunguziwa maumivu leo, kesho unaweza kufanya mazoezi ambayo jana yalikushinda, na hapo ndipo faida ilipo. Kuhusu kuzuia majeraha, upo utafiti wa 2010 wa Australia uliofanywa kwa wachezaji 59 wa kandanda ya kwao. Waliopata kairopraktiki juu ya matibabu ya kawaida walipata mivuto michache ya misuli ya miguu. Kwa nyama za nyuma ya paja peke yake, tofauti haikutosha kuthibitisha kitu. Watu 59 ni wachache, na tiba waliyopewa ilichanganya kunyooshwa, kuchuliwa na mengine. Anayekuhakikishia kwamba ukinyooshwa kila wiki hutaumia, anakuuzia kisichothibitishwa.

Mgongo uliopinda nao usikutishe. Usain Bolt ana mgongo uliopinda kwa upande tangu utotoni. Alikazana kuimarisha misuli ya tumbo, kiuno na mgongo, na mwaka 2009 mjini Berlin akakimbia mita 100 kwa sekunde 9.58. Mgongo haukunyooka kwanza ndipo akakimbia.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Mchezaji anatua vibaya kwenye kokoto, enka inageukia ndani, anaanguka. Kabla hajakaa sawa kuna mtu ameshamshika unyayo na kuuzungusha "airudishe", mwingine anamwagia maji, wa tatu anauliza nani ana dawa ya kuchua. Enka ikigeuka hivyo, mara nyingi kinachoumia ni ligamenti ya upande wa nje, yaani ule ukanda unaofunga mfupa kwa mfupa. Ukanda uliochanika nusu ukizungushwa unachanika zaidi. Na kama mfupa umevunjika, umemfanyia mabaya makubwa mtoto wa mwenzako. Nawaomba makocha wa mitaani, acheni mguu huo. Mwinueni mguu, mfungeni bandeji, mwekeeni barafu iliyoviringishwa kwenye kitambaa kupunguza maumivu, kisha pimeni kwa kanuni ambazo madaktari wa Ottawa, Canada, walizitoa mwaka 1992. Bonyeza kwa kidole ukingo wa nyuma wa kila kifupa kinachochomoza pembeni ya enka, kuanzia ncha yake ya chini kupanda kama sentimita sita. Kisha bonyeza sehemu mbili za mguu wenyewe: katikati ya ukingo wa nje, pale mfupa unapochomoza, na juu ya upinde kwa upande wa ndani. Akiruka kwa maumivu penye mfupa, au akishindwa kupiga hatua nne hata kwa kuchechemea, ni eksirei, hospitali ya Sekou Toure au Bugando, siku hiyohiyo.

Shingo ni habari nyingine, na hapo nasema bila kumung'unya. Saluni nyingi hapa mjini kinyozi akimaliza kukunyoa anakukanda kichwa, anakushika kidevu, na ghafla anakigeuza mpaka shingo ilie. Wateja wanapenda, wengine wanaomba. Ndani ya pingili za shingo, kila upande, inapita mishipa ya damu inayolisha sehemu ya nyuma ya ubongo. Kuizungusha shingo kwa kasi kunaweza, mara chache sana, kuchana ukuta wa mshipa huo, damu ikaganda na kuleta kiharusi hata kwa kijana. Ni nadra, na imewahi kuripotiwa hata kwa waliotibiwa na wataalamu waliosomea. Kwa mchezaji aliyegongana vichwa au kuangukia shingo, kumgeuza ni marufuku kabisa. Alale palepale, kichwa kishikiliwe kisitikisike, asubiri watu wa afya.

Kama unakwenda kwa anayenyoosha viungo, msikilize kabla hajakugusa. Mzuri atakuuliza umeumia lini na vipi, kama una ganzi, kama umewahi kuvunjika, unatumia dawa gani. Atakueleza anachotaka kufanya na atakupa mazoezi ya nyumbani. Akikuuzia mahudhurio ya miezi mbele kabla hajakupima, ondoka. Na kama mgongo unauma pamoja na ganzi katikati ya mapaja, au umeshindwa kuzuia mkojo, usiende kunyooshwa popote. Hiyo ni dharura ya hospitali.

Kuzuia majeraha kuna njia iliyopimwa kuliko zote nilizotaja, na haina mlio. Programu ya FIFA iitwayo 11+ ni mazoezi ya dakika 20 ya kupasha misuli: kukimbia taratibu, kisha mazoezi ya nguvu, kuruka na kusimama kwa mguu mmoja, kisha kukimbia kwa kasi. Ilijaribiwa Norway kwa wasichana zaidi ya 1,800 wa umri wa miaka 13 hadi 17, matokeo yakatoka mwaka 2008: majeraha yalipungua kama theluthi, na yale makubwa karibu nusu. Haihitaji mashine wala ada. Inahitaji kocha asiyeruka hata zoezi moja kwa sababu refa ameshafika.

Ndani yake kuna zoezi moja ambalo ningependa kila timu ya ndondo ilijue. Piga magoti kwenye nyasi, mwenzako akushike vifundo vya miguu nyuma yako kwa uzito wake wote. Kifua mbele, kiuno kimenyooka. Anza kuangukia mbele taratibu ukizuia kwa nyama za nyuma ya paja, uzuie, uzuie, mpaka zishindwe, ndipo ujipokee kwa mikono. Mara ya kwanza utashuka kidogo tu na paja litatetemeka, na kesho yake litauma. Anza na mara tatu hadi tano, uongeze wiki kwa wiki. Uchambuzi wa 2019 uliokusanya tafiti za wanamichezo zaidi ya 8,000 uligundua kwamba timu zenye zoezi hili zilipata majeraha ya nyama za nyuma ya paja karibu nusu ya yale ya timu zisizokuwa nalo.

Lakini hata zoezi zuri linamkuta mtu akiwa na mwili wake wa siku hiyo. Wachezaji wetu wengi hawatoki kitandani kwenda mazoezini. Wapo wanaoshinda Mwaloni Kirumba wakibeba magunia ya dagaa tangu alfajiri, wapo wanaokaa juu ya bodaboda mpaka saa tisa, na saa kumi jioni wanavaa viatu vya mpira. Mgongo wa mtu huyo umechoka kabla filimbi haijalia, na kuualisha hakuuondolei uchovu. Kocha anayemuuliza mchezaji wake ameshindaje, kisha akampunguzia mbio za siku hiyo, amemkinga na mengi ambayo mkono wa mtu mwingine hauwezi kuyarekebisha baadaye.