Kontroli ikitoka nje, usikimbilie kukalibreti

Kuna tabia imezoeleka katika maabara nyingi hapa Nairobi. Kontroli ya asubuhi, yaani sampuli ya kujaribia mashine ambayo thamani yake inajulikana, ikitoka nje ya mipaka, mtu anabonyeza kalibresheni, kontroli inarudi ndani, kazi inaendelea. Siipendi hata kidogo. Kalibresheni haitengenezi mashine. Inaiambia tu kwamba mwanga kiasi hiki, au milivolti kiasi hiki, ni sawa na glukosi au potasiamu kiasi fulani. Kama taa imechoka au kitendanishi (kemikali ya kipimo) kimeharibika, umeiambia ikubali ubovu huo. Ubovu ukizidi, utarudi palepale.

Tena huenda hakuna ubovu wowote. Ukitumia mipaka ya SD mbili (mikengeuko sanifu miwili kutoka wastani), takriban tokeo moja katika kila ishirini litatoka nje hata kama kila kitu ki sawa. Kwa hiyo kwanza tazama chati ya Levey-Jennings, ile inayoonyesha matokeo ya kontroli siku hadi siku. Nukta zimeruka ghafla? Uliza nini kimebadilika: loti (toleo la kiwandani) ya kitendanishi, chupa mpya ya kontroli, taa. Zinateleza polepole upande mmoja? Kuna kitu kinazeeka. Zimetawanyika juu na chini? Hapo tafuta mapovu au sindano ya kunyonya sampuli iliyoziba, maana kalibresheni haitakusaidia.

Sababu halali za kukalibreti ni chache: loti mpya, kipuri kikubwa kimebadilishwa, muda aliouweka mtengenezaji umeisha, au kontroli zimehama na chanzo kimeshapatikana na kurekebishwa. Halafu baada ya hapo pima kontroli tena, na isiwe kalibreta (sampuli ya kukalibretia) ileile uliyotumia. Shahidi hawezi kuwa mshtakiwa mwenyewe.

Kosa kubwa hutokea hata kabla ya chupa kuingia kwenye mashine. Kalibreta ya unga huchanganywa na maji safi ya maabara, si ya mfereji, yakipimwa kwa pipeti ya ujazo inayoaminika. Chupa ya mililita 5 ukiitilia 5.2, kila thamani ndani yake imeshuka kwa karibu asilimia 4, na matokeo ya wagonjwa wote yatapanda kwa kiasi hichohicho. Fungua kizibo taratibu, unga usiruke. Zungusha chupa polepole bila kuitikisa hadi ikatoa povu, iache muda ulioandikwa kwenye karatasi yake, na uikinge na mwanga kwa sababu ya bilirubini, ambayo huharibiwa na mwanga.

Mashine ikisema kalibresheni imepita, usifunge ukurasa. Elektrodi ya potasiamu, kinadharia, hutoa kama milivolti 61 kila ukolezi unapoongezeka mara kumi, kwenye nyuzi 37. Mteremko, yaani hizo milivolti, ukishuka kidogo kidogo kila wiki, utaendelea kupita mpaka siku utakapogoma, na siku hiyo mara nyingi huwa Ijumaa jioni. Kwa ALT (kimeng'enya cha ini), angalia usomaji wa kitendanishi kitupu: NADH, kemikali iliyomo inayofyonza mwanga, ikioza, usomaji wa mwanzo unashuka.

Sasa mashine ya gesi za damu, ambayo mji wetu unaitesa kwa namna yake. Nairobi iko juu sana, hivyo kanieneo ya hewa ni kama milimita 620 za zebaki, si 760 ya Mombasa. Oksijeni hukalibretiwa kwa kutegemea namba hiyo: toa 47 ya mvuke wa maji, zidisha kwa 0.21, sehemu ya oksijeni hewani. Huku unapata kama 120, pwani 150. Barometa ya mashine ikihitaji kurekebishwa, usichukue namba ya hali ya hewa ya simu wala ya uwanja wa ndege; kwa kawaida hiyo imeshageuzwa iwe kana kwamba tuko usawa wa bahari. Omba kanieneo halisi ya hapo ulipo. Ukikosea, mgonjwa mwenye oksijeni ya 56 anaweza kusomeka karibu 70, na daktari akaona hakuna haja ya kumwekea mtungi wa oksijeni.