Chai ya msonobari: kabla hujachuma, uangalie mti

Nimetumiwa ujumbe wa sauti WhatsApp kwamba chai ya majani ya msonobari inatoa "sumu ya chanjo" mwilini. Ni kweli?

Si kweli. Uvumi huo ulivuma mwaka 2021, wakati wa chanjo za UVIKO-19, ukidai kuwa majani ya msonobari yana suramini. Hapo ndipo unapochekesha, maana suramini si ngeni kwetu: ni dawa ya malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Ni kemikali iliyotengenezwa maabara huko Ujerumani zaidi ya miaka mia iliyopita, na haimo kwenye msonobari. Wala hainywewi kikombeni. Hudungwa kwenye mshipa, hospitalini, huku figo za mgonjwa zikifuatiliwa.

Basi chai hiyo haina faida yoyote?

Inayo moja ya uhakika, nayo ni vitamini C. Majira ya baridi ya 1535 kuingia 1536, mabaharia wa mpelelezi Mfaransa Jacques Cartier walinaswa na barafu pale ilipo Quebec leo, nchini Kanada. Kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, kikawaingia: fizi zikaoza, miguu ikavimba, watu 25 hivi kati ya 110 wakafa. Mwenyeji mmoja, Domagaya, akawaonyesha mti uitwao annedda, akawaelekeza wachemshe majani na maganda yake. Waliokunywa wakapata nafuu ndani ya siku chache. Mpaka leo wataalamu wanabishana ulikuwa mti gani hasa, ila wanakubaliana kwamba ni wa kundi moja na msonobari. Mji wa Leningrad, Urusi, ulipozingirwa katika Vita Kuu ya Pili, watu walikunywa maji ya majani ya msonobari kwa sababu ileile.

Lakini tazama ni nani waliookolewa: watu waliozungukwa na theluji, hawana tunda wala mchicha. Pera moja lina vitamini C ya kumtosha mtu mzima kwa siku nzima, na huku kwetu mapera huokotwa chini. Chai hii inywe kwa kuipenda ladha yake, inayokaribia limau lenye utomvu kidogo.

Na kikohozi?

Kitu cha moto hulainisha koo, kama ifanyavyo tangawizi. Zaidi ya hapo usitegemee. Kikohozi kikifika wiki mbili, nenda ukapime kifua kikuu.

Nitajuaje kuwa huu ndio msonobari wenyewe?

Swali hili ndilo ningetamani watu waulize kwanza. Msonobari (wengi huuita mpaini, kama ile ya mashamba ya Sao Hill, Mufindi) una majani kama sindano ndefu, yanayotoka kwa vifungu. Chomoa kifungu kimoja uangalie kwenye shina lake: utaona sindano mbili, tatu au tano zimeshikwa pamoja na kijigamba chembamba kama karatasi. Ile ya Mufindi mara nyingi ina tatu, tena zinaning'inia kama nywele zilizolowa.

Watu wa pwani huudhania mvinje kuwa ni msonobari. Sivyo. Vuta "jani" la mvinje, litakatika vipande vipande kwenye viungo, kwa sababu ni kijitawi kile. Mikiparisi ya ua nayo haina sindano, ina magamba madogo yaliyolaliana.

Mlioko Ulaya na Amerika Kaskazini, jihadharini na mti wa Taxus unaopandwa bustanini na makaburini. Majani yake ni mafupi na bapa, hayatoki kwa vifungu, na tunda lake ni jekundu kama kikombe kidogo. Sumu yake husimamisha moyo. Ukiwa na shaka hata kidogo, acha.

Nina mimba ya miezi minne. Naweza kuonja?

Hapana, dada. Magharibi mwa Marekani, ng'ombe wakila majani ya msonobari wa ponderosa huharibu mimba. Kinachosababisha ni asidi ya isokupresiki, na imo pia kwenye baadhi ya mikiparisi. Mjamzito hafanyiwi majaribio ya kitu cha namna hiyo. Kunywa juisi ya ukwaju.

Chai yenyewe inaandaliwaje?

Chukua majani mabichi ya kijani, kijiko kimoja cha chakula yakishakatwakatwa. Yasiwe ya kando ya barabara wala ya shamba lililopigwa dawa. Osha, mimina maji ya moto, funika dakika kumi, chuja. Usiyatokose: vitamini C itapungua na uchungu utazidi. Kikombe kimoja kinatosha, na ukiwashwa au ukivimba mdomo, usirudie.

Kuna anayeuza tapentaini, anasema ni ileile ila kali zaidi.

Mkimbie. Tapentaini hutokana na utomvu wa msonobari, lakini ni ya kuchanganyia rangi. Ikinywewa hudhuru figo na mishipa ya fahamu, na mtu akipaliwa nayo huunguza mapafu. Mtoto akiinywa, msimtapishe. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, na chupa mkaibebe.