Sehemu ya Tamthilia Uliyolipia Mtandaoni Haifunguki: Namna ya Kudai Haki Yako

Malalamiko kuhusu sehemu za tamthilia zinazouzwa mtandaoni yamezidi kuongezeka mezani kwetu, na mengi yanafanana: mteja amelipa, picha haionekani au sauti imeachana na midomo, ameiandikia huduma kwa wateja mara tatu, na mara zote tatu amejibiwa na mashine kwa maneno yaleyale. Hasira yake ina msingi. Hata hivyo, hatuna budi kusema kwamba mengi ya malalamiko hayo hutufikia bila namba ya oda, bila tarehe, na yakidai kitu ambacho mteja hakuuziwa.

Kitu hicho ni umiliki. Ukibonyeza kitufe cha kununua, kwa kawaida unapewa leseni ya kutazama, ambayo uhai wake hutegemea mkataba kati ya muuzaji na mwenye tamthilia. Jimbo la California nchini Marekani limeona utata huo, na tangu tarehe 1 Januari 2025 sheria yake inamkataza muuzaji kutumia neno “nunua” kwa maudhui ya aina hiyo pasipo kumweleza mteja waziwazi kwamba anapata leseni. Kwingineko maelezo hayo yamefichwa ndani ya masharti marefu yanayochosha, jambo tusilolitetea, lakini “sikusoma” bado si hoja, na tungeshukuru kama lisingeandikwa tena kwenye fomu zetu.

Wengine hushikilia siku 14 za kubadili nia ambazo Umoja wa Ulaya umempa mnunuzi wa mtandaoni. Haki hiyo ipo, ila hukoma pale mteja anapokubali maudhui yaanze kutolewa mara moja huku akikiri kwamba kwa kufanya hivyo anaipoteza. Kutopendezwa na mwisho wa hadithi, kwa hiyo, hakurudishi fedha. Ubovu ni suala jingine kabisa: sheria ya Umoja huo inamtaka muuzaji kurekebisha kasoro bila malipo na ndani ya muda unaofaa, na akishindwa mteja hudai punguzo la bei au, kasoro isipokuwa ndogo, kuvunja mkataba na kurejeshewa fedha. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2015 ina mwelekeo unaokaribiana na huo.

Dai lako, basi, lianze kwa maandishi kwa muuzaji aliyepokea fedha, wala si kwa kituo cha televisheni kilichorusha tamthilia. Taja namba ya oda, tarehe ya malipo, jina la tamthilia, msimu na sehemu, kifaa ulichotumia, na maneno kamili ya ujumbe wa hitilafu. Ambatanisha picha ya skrini. Eleza iwapo sehemu nyingine zinafunguka katika kifaa hichohicho, kwa sababu swali hilo utaulizwa tu. Kisha sema unachotaka, ama marekebisho ama fedha. Mazungumzo ya papo kwa papo yanakiliwe kabla ya kufunga dirisha, maana mara nyingi hayapatikani tena.

Kuiomba benki ibatilishe malipo ya kadi ni hatua ya baadaye. Benki itataka ushahidi kwamba ulimwendea muuzaji kwanza, ina ukomo wa muda, na muuzaji anaweza kujibu kwa kuifunga akaunti yako pamoja na yote uliyowahi kulipia humo, kwa hiyo pima kabla ya kubishania sehemu moja. Anayedai kwamba hakufanya malipo ilhali aliyafanya anatoa taarifa ya uongo, na hilo laweza kumfikisha kwenye mkono wa sheria.

Jambo moja linatusikitisha zaidi. Kwa kuwa wauzaji wengi hawaweki namba ya simu mahali pa kuonekana, wateja huitafuta kwenye mtandao na kuangukia mikononi mwa matapeli wanaojifanya watoa huduma. Tumia anwani iliyo ndani ya akaunti yako au kwenye risiti pekee, na anayekuomba neno la siri au namba ya uthibitisho iliyotumwa kwenye simu yako, mkatie simu.