Je, tepu za sumaku zimepitwa na wakati?

Wengi huamini kwamba tepu ni mambo ya enzi za kaseti, na kwamba nakala rudufu ya hifadhidata kubwa ikae kwenye SSD (diski ya kielektroniki isiyo na sehemu zinazozunguka), kwa kuwa ndiyo mpya na yenye kasi. Kwa kazi za kila siku, SSD ina kasi kweli.

Kuhifadhi ni jambo jingine. SSD hutunza data kwa chaji ya umeme. Ikikaa kabatini muda mrefu bila umeme, chaji huweza kuvuja, hasa kwenye joto kama la Dar mwezi Februari. Tepu hutumia sumaku, na ikishatolewa kwenye mashine virusi havina pa kupitia. Tepu moja ya LTO-9, aina ya tepu za kuhifadhia data, hubeba terabaiti 18 bila data kubanwa. Ila mashine yake ni ghali. Mwenye gigabaiti 200 hana haja nayo.

Jipimie mwenyewe: gawanya ukubwa wa data kwa kasi ya kifaa. Terabaiti 10 kwa tepu hiyo, yenye megabaiti 400 kwa sekunde, ni kama saa 7. Kwa intaneti ya megabiti 100 kwa sekunde (biti 8 ni baiti 1), zaidi ya siku 9. Kisha irejeshe nakala kwenye kompyuta nyingine uone kama inafunguka.