Maana ya istilahi za viungo vya mmea: kwa nini mwiba si mwiba tu

Weka kiazi mviringo na kiazi kitamu ubavu kwa ubavu. Vyote vimechimbwa ardhini, vyote vimejaa wanga, na Kiswahili kimevipa jina moja. Sasa kigeuze polepole kile cha mviringo. Utaona macho, na kila jicho lina mstari mdogo uliopinda kando yake, mithili ya unyusi. Unyusi huo ni kovu la jani. Lilikuwa jani dogo mno, kigamba tu, kiazi kilipokuwa kichanga. Ukiyafuata macho kutoka ncha moja hadi nyingine, utakuta yamepangwa kwa kuzunguka kama hesi za parafujo. Kiazi kitamu hakina mpango huo. Kina vijizizi vyembamba na makovu ya vijizizi vilivyokatika, basi.

Ndiyo maana botania, yaani elimu ya mimea, inasema kiazi mviringo ni shina lililovimba na kiazi kitamu ni mzizi uliovimba. Kukaa udongoni hakukifanyi kitu kuwa mzizi.

Hiyo ndiyo kanuni iliyo nyuma ya karibu istilahi zote za viungo vya mmea. Kiungo hupewa jina kwa kuangalia kimeota wapi na kimetokana na nini. Kinafanana na nini, au kinafanya kazi gani, hayo huja baadaye. Macho yetu yamezoea kwenda kinyume, yaani kuanza na umbo, na ndiyo sababu maneno haya huwatesa wanafunzi. Mimi mwenyewe nilikariri orodha ya istilahi kwa muda mrefu kabla sijagundua kwamba nilikuwa nakariri majibu bila kujua swali. Swali ni moja: hiki kimeota wapi?

Ili kulijibu unahitaji maneno manne, na yote yamo katika Kiswahili cha kila siku. Chukua muwa. Zile sehemu ndefu ni pingili. Pale pingili mbili zinapokutana ni kifundo. Jani huota kwenye kifundo, si kwingine. Na pembe iliyopo kati ya jani na shina, kwa upande wa juu, ni kwapa la jani. Ndani ya kwapa hulala jicho, yaani chipukizi ambalo siku moja huenda likawa tawi au ua, au likalala hivyo hivyo maisha yote. Mpangilio huo wa kifundo, jani, kwapa na jicho ndio kitambulisho cha shina. Mzizi hauna vifundo. Tangawizi inavyo, tena imezungukwa na pete za makovu ya majani, kwa hiyo ni shina linalotambaa chini kwa chini, ambalo kitaalamu huitwa rizomu. Kitunguu kina shina pia, ila ni kile kisahani kigumu cha chini tunachokikata na kukitupa. Matabaka yote ya juu yake ni vitako vya majani vilivyonenepa. Na mgomba? Kile kinachosimama kama gogo ni vitako vya majani vilivyokumbatiana, kimoja ndani ya kingine. Shina lenyewe hukaa chini hadi wakati wa kuchanua, ndipo hupenya katikati na kutokeza juu likiwa limebeba maua.

Jicho la kwapani hutatua pia ugomvi wa zamani: jani ni lipi? Chuma kile unachodhani ni jani la mwarobaini, kimoja kati ya vile vyembamba vyenye meno pembeni. Tazama pale kilipokuwa kimeshikilia. Hakuna jicho. Shuka sasa kwenye ule uti uliobeba vingine vingi kama hicho, uufuate hadi unapogusa tawi. Hapo jicho lipo. Basi jani ni huo uti wote pamoja na vyote ulivyobeba, na ulichochuma ni kipande cha jani. Vipande hivyo vilistahili kuitwa “vijani”, lakini rangi imeshalichukua neno hilo, kwa hiyo mimi huandika kijijani, wingi vijijani. Jani la namna hii ni jani ambatani, na lile lisilogawanyika ni jani sahili. Waliosoma sarufi watayatambua maneno haya kutoka kwenye sentensi, na maana yake hapa haiko mbali na ile ya kule. Mlonge umezidi: uti wa jani lake hugawanyika, matawi yake hugawanyika tena, hata jani moja linakuwa na vijijani vingi kiasi kwamba mtu huliona kama tawi zima.

Muhogo na mbuyu ni jozi nzuri ya kujipimia. Majani ya yote mawili huonekana kama kiganja kilichokunjuliwa. Kwenye muhogo, hata mpasuko uwe mrefu vipi, vidole hubaki vimeungana karibu na kikonyo, kwa hiyo ni jani sahili lenye ndewe, yaani lililopasuka bila kutengana kabisa. Kwenye mbuyu uliokomaa kila kidole kimesimama peke yake na unaweza kukiondoa bila kuichana nyama ya jirani yake. Hilo ni jani ambatani. Mche mchanga wa mbuyu, kwa upande wake, huanza na majani sahili, jambo ambalo limewapotosha wengi.

Tuje kwenye mwiba, maana hapa neno letu moja linabeba vitu vitatu. Kwenye mlimau, mwiba umetoka kwapani mwa jani. Kinachotoka kwapani ni tawi, kwa hiyo mwiba huo ni tawi lililosimama kukua na kuchongoka. Kwenye mpungate, vile vipande bapa vya kijani ambavyo watu huviita majani ni shina, na miiba ndiyo majani yenyewe, yaliyosinyaa hadi yakawa sindano. Migunga yenye miiba mirefu myeupe imekwenda njia nyingine: angalia vizuri na utaona miiba imekaa miwili miwili, mmoja kila upande wa kitako cha jani. Mahali hapo ni pa stipuli, yale majani madogo mawili yanayoota kwenye kitako cha jani katika mimea mingi. Kwa mgunga huo stipuli zimegeuka miiba, kwa hiyo tunaiweka katika fungu moja na miiba ya jani. Halafu lipo waridi. Miiba yake imetawanyika kwenye pingili bila kujali kifundo kiko wapi, na ukiusukuma mmoja kwa kidole gumba unabanduka safi, ukiacha baka dogo. Hiyo ni mimeo ya ngozi tu, haina nyuzi ngumu kutoka ndani ya shina. Kwa hiyo yupo mwiba wa tawi, yupo mwiba wa jani, na yupo mwiba wa ngozi. Anayeandika “mmea una miiba” hajasema kitu.

Istilahi za umbo ni nyingi na ni rahisi kuliko zinavyotisha, kwa hiyo nazipita haraka. Majani yakiota moja kwa kila kifundo ni mbadala. Yakiota mawili yakitazamana ni kabili. Yakiwa matatu au zaidi kwenye kifundo kimoja ni ya mzingo. Ukingo wa jani huwa mzima, au wenye meno, au wenye mawimbi. Mishipa huwa sambamba kama ya mahindi, au hufanya wavu kama ya mwembe. Mengine yanahusu manyoya, ncha na kitako, na yote hupatikana kwa kutazama tu.

Ua linahitaji utulivu zaidi. Kutoka nje kwenda ndani kuna sepali, ambazo mara nyingi ni za kijani na ndizo zilizofunika tumba. Kisha petali, ambazo kwa kawaida ndizo zenye rangi. Kisha stameni zinazotoa chavua. Na katikati pistili, yenye ovari chini na, juu, stigma ya kupokelea chavua. Hapa pia nafasi hushinda rangi. Mwaka 1790 Goethe, ambaye wengi wanamjua kwa mashairi na tamthilia, alichapisha hoja kwamba sehemu hizi zote ni jani lililobadilika umbo, na wazo hilo bado lina nguvu katika botania. Ukilishika hilo, hutashangaa kukuta sepali yenye rangi kali au ua lisilo na petali kabisa. Hutashangaa pia kuambiwa kwamba “ua” moja la alizeti ni mkusanyiko wa mamia ya maua madogo yaliyobanana kwenye kitako kimoja, na kwamba kila “petali” ya njano ya pembeni ni ya ua lake lenyewe.

Ovari inastahili kutazamwa peke yake, kwa sababu ndiyo inayokuwa tunda, na tunda hubaki na ushahidi wa ua hata baada ya ua kutoweka. Shika nyanya kwa mkono mmoja na pera kwa mwingine. Nyanya ina nyota ya kijani upande wa kikonyo: hizo ni sepali, na zimekaa chini ya tunda. Maana yake ovari ilikuwa juu yao. Pera lina taji dogo kavu upande wa pili, mbali na kikonyo: hizo nazo ni sepali, lakini zimekaa juu ya tunda. Ovari ilikuwa chini yao, imezama katika kitako cha ua. Wataalamu huita ya kwanza ovari ya juu na ya pili ovari ya chini, na tofauti hiyo husaidia sana kutenganisha familia za mimea. Komamanga na taji lake lingekuambia habari ile ile.

Tunda basi, kwa botania, ni ovari iliyokomaa. Utamu haumo katika maana hiyo. Bamia ni tunda, pilipili ni tunda, ganda la maharagwe pamoja na maharagwe yake ni tunda. Punje moja ya mahindi ni tunda zima ambalo ukuta wake umegandamana na mbegu. Upande wa pili wapo wadanganyifu, na mkubwa wao ni mkorosho. Bibo, lile lenye maji na harufu, ni kikonyo cha ua kilichovimba. Tunda la kweli ni lile lenye umbo la figo linaloning’inia nje, na korosho ni mbegu iliyo ndani yake. Kiswahili huwa kinauita mti kwa tunda lake, mwembe kwa embe, mchungwa kwa chungwa. Kwa mti huu kimekubali majina mawili, mkorosho na mbibo, na sioni haja ya kukilaumu.

Wapo wanaosema lugha yetu haina maneno ya kazi hii. Niambie basi ni lugha gani inayoushinda Kiswahili juu ya mnazi. Jani lake ni kuti, uti wa kuti ni upongoo, na uti mwembamba wa kila kijijani ni chelewa. Ala ngumu inayofunika maua kabla hayajachanua ni karara, na shada linalobeba maua na baadaye nazi ni panda. Tunda lenyewe hubadili jina linavyokua: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Nyuzi za nje ni makumbi na gamba gumu ni kifuu. Ukiliweka embe kando yake utaona jambo la kupendeza. Makumbi yamekaa mahali pale pale penye nyama ya embe, na kifuu kimekaa mahali pa gamba gumu la kokwa. Ni tabaka zile zile za ukuta wa tunda, lakini katika mnazi tabaka la kati limekwenda kwenye nyuzi badala ya nyama.

Kiswahili kilichopungua ni cha maelezo rasmi. Carl Linnaeus wa Uswidi alichapisha kitabu cha kanuni za botania mwaka 1751, akaziwekea istilahi za Kilatini maana zilizobana, na Kilatini kikakaa hapo. Kuanzia 1935 hadi mwisho wa 2011 kilikuwa lazima kwa anayetangaza spishi mpya ya mmea. Tangu 2012 Kiingereza nacho kinakubaliwa. Lakini mtindo wa maelezo hayo, mfupi na usio na kitenzi, unaandikika kwa lugha yoyote. Huu hapa mmoja, na mmea wake umeshauona:

Kichaka kinachoparamia. Miiba kwapani mwa majani. Majani mbadala, sahili, ukingo mzima, yenye kikonyo. Maua matatu matatu, kila moja limeshikamana na mshipa wa kati wa brakti pana yenye rangi; sepali zimeungana kuwa bomba jembamba; petali hakuna.

Brakti ni jani linaloota chini ya ua au karibu nalo. Mmea ni bogenvilia. Ile karatasi laini ya zambarau au nyekundu inayosifiwa kila siku kuwa ua ni jani. Pasua moja taratibu na utalikuta ua lenyewe limelala juu ya mshipa wake wa kati, dogo, jembamba, na mdomo wake mara nyingi ni mweupe.